Picha za Machweo Korongo la Marafa: Dalili, Chanzo na Dawa

Karibu kila mwezi kuna mtu ananitumia picha ya Nyari, yaani Korongo la Marafa, pamoja na swali lile lile: "Mbona haikutoka kama nilivyoona kwa macho?" Picha yenyewe huwa naijua kabla haijafunguka. Juu kuna doa jeupe lililokuwa jua, chini kuna weusi uliokuwa korongo, na ile rangi iliyomtoa mtu Malindi mjini akala vumbi la njiani haipo popote. Kupiga picha ndiyo kazi yangu, za harusi na za wageni hapa Pwani, na jioni nilizokaa kwenye ukingo ule sizihesabu tena. Makosa ninayotumiwa karibu yote nimewahi kuyafanya mwenyewe, kwa hiyo nayaandika hapa moja moja, dalili yake, chanzo chake na dawa yake.

Kwa asiyepajua: Marafa iko kaunti ya Kilifi, kaskazini mwa Malindi, ukishavuka daraja la mto Sabaki. Unatembea kidogo kutoka kijijini na ghafla ardhi inakwisha mbele ya miguu yako. Chini kuna korongo la mchanga ulioshikana, lililochongwa na mvua na upepo hadi zikabaki nguzo, matuta membamba na kuta zenye mikunjo kama kanga iliyoanikwa. Kuna tabaka jeupe, la waridi, la chungwa na jekundu lililoiva. Wagiriama wanapaita Nyari, mahali palipovunjika penyewe. Watalii wamezoea jina la Jiko la Jehanamu, kwa joto la mchana kule chini. Mimi nashika jina la wenyeji.

Anga jeupe, korongo jeusi

Hii ndiyo dalili ninayoletewa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Vyanzo ni viwili vilivyoshikana. Cha kwanza ni kamera. Jicho lako likitazama anga linajibana, likitazama bondeni linafunguka, kisha ubongo unavishona vyote viwili nawe unadhani umeviona kwa wakati mmoja. Kamera haiwezi hivyo. Inachagua kiasi kimoja cha mwanga kwa picha nzima. Ukigusa jua kwenye skrini ya simu, inaona mwanga umezidi na kupunguza, korongo linazama gizani. Ukigusa korongo, inaongeza, na anga linaungua likawa karatasi. Haijaharibika simu yako. Imetii ulipogusa.

Chanzo cha pili ni mahali uliposimama. Mtu akisikia machweo anageuka kulitazama jua, ndivyo mwili unavyomtuma. Lakini ukilikabili jua, kila ukuta ulio mbele yako unakuonyesha upande wake wa kivuli. Unapiga mgongo wa Nyari. Ukuta unaowaka ni ule unaotazama magharibi, na kuuona vizuri lazima jua liwe nyuma yako au ubavuni mwako.

Kila ninayempeleka naanza naye hapo. Nyari haipendezi jioni kwa ajili ya jua. Inapendeza kwa lile ambalo jua linaufanyia udongo. Jua likizama utalipiga hata kutoka juu ya paa la nyumba yenu. Udongo ule uko pale tu.

Basi dawa ya kwanza haina vifaa: geuka. Tembea na ukingo mpaka jua likupige bega la kulia au la kushoto, kisha tazama unapoangukia mwanga. Kwa maoni yangu ubavuni ni bora kuliko mgongoni kabisa. Mwanga unaotoka ubavuni unapita juu ya kuta ukizikwaruza, kila tuta linatupa kivuli kwenye tuta jirani, na mikunjo yote inajichora. Jua likiwa mgongoni moja kwa moja rangi ni kali lakini ukuta unaonekana bapa, kama umepakwa rangi juu ya ubao.

Dawa ya pili ni kuiambia kamera ipime wapi. Kwenye simu, bonyeza na ushikilie kidole juu ya sehemu yenye mwanga mwingi ya ukuta, si anga wala kivuli, mpaka ioneshe kwamba imefunga kipimo hapo. Kisha telezesha kidole chini kidogo picha ipungue mwanga. Kwenye kamera, tumia kile kitufe cha kujumlisha na kutoa, ukianzia kwenye kutoa moja. Giza kidogo unaweza kuliinua baadaye kwenye programu ya kuhariri. Sehemu iliyoungua imekwenda, haina kitu ndani yake cha kuinua.

Na hapa Nyari ina mtego wake. Wazee wanasimulia kwamba paliishi watu matajiri wa ng'ombe, mali ikawazidi hadi wakawa wanaoga maziwa, Mungu akakasirika na ardhi ikawameza. Weupe wa kuta ni maziwa yale na wekundu ni damu. Kila nikipima mwanga pale naikumbuka hadithi hiyo, kwa sababu maziwa ndiyo yanayoungua kwanza. Tabaka jeupe linarudisha mwanga mwingi kuliko jekundu lililo kando yake. Kamera ikipima kwa jekundu, jeupe linatoka bila chembe hata moja ya mchanga. Pima kwa jeupe. Kama jeupe bado lina mikwaruzo na vitundu unavyoviona ukivuta karibu, basi picha nzima iko salama.

Kama moyo wako umeng'ang'ania jua liwemo, lifiche nusu nyuma ya nguzo, na ufunge tundu la lenzi hadi f/16 upate mionzi. Piga tatu bila kusogea: moja ya kawaida, moja yenye giza, moja yenye mwanga, uje uziunganishe nyumbani. Simu nyingi za sasa zinafanya hivyo zenyewe chini ya jina la HDR, ila shikilia mkono umetulia mpaka imalize. Au kubali weusi: tafuta tuta lenye umbo, mweke mtu juu ya ukingo salama, upige kivuli chake kwenye anga jekundu. Hiyo ni picha halali, mradi umeichagua mwenyewe badala ya kuangukia.

Wekundu umepooza

Unaitazama picha, udongo ulikuwa kama kaa la moto, sasa umekuwa rangi ya chai ya maziwa.

Chanzo karibu kila mara ni ule mpangilio wa kamera wa kusahihisha rangi ya mwanga wenyewe, ulioachwa kwenye otomatiki. Kazi yake ni kuondoa rangi iliyozidi ili kitambaa cheupe kionekane cheupe. Ukumbini kwenye harusi unasaidia sana. Machweo unakuibia: kamera inaona uchungwa umejaa kila mahali, inadhani ni kosa, inaongeza ubuluu kuusafisha. Ingia kwenye ile orodha ya alama za jua, wingu na taa, uchague jua. Ukitaka joto zaidi chagua wingu. Hapo kamera inaacha kubuni. Simu yenye upande wa mtaalamu ina kitu hicho hicho kwa namba. Elfu tano na mia tano ni jua la mchana, na ukipanda elfu sita na mia tano picha inazidi kupata joto.

Kuna ndugu wa dalili hii, naye ni kinyume chake: wekundu umezidi hadi ukuta umekuwa kipande kimoja cha plastiki, hauoni chembe wala ufa. Hapa nyekundu peke yake imeungua ingawa picha kwa jumla si nyeupe. Histogramu ya kawaida, ile grafu ya kamera inayoonyesha giza upande wa kushoto na mwanga upande wa kulia, inaweza isikuoneshe. Kama kamera yako ina ile ya rangi tatu, itazame hiyo, na ukiona nyekundu imegonga mwisho wa kulia wa grafu, punguza mwanga. Halafu, nasema hili kwa upendo kwa kila anayehariri kwenye simu: acha kile kitelezi cha kukoleza rangi. Udongo wa Marafa haujawahi kuhitaji msaada wa aina hiyo. Wanaosukuma kitelezi mpaka mwisho wanaufanya ufanane na udongo wa popote.

Ukija baada ya mvua, wakati wa vuli au masika jua likichungulia jioni, udongo ulioloa una rangi iliyoiva zaidi kuliko mkavu na hewa imeoshwa vumbi. Kwangu hizo ndizo jioni bora za mwaka, ingawa njia inakuwa na matope na chini kunateleza.

Ukungu juu ya picha nzima

Picha haina weusi halisi. Kila kitu kimefunikwa na utando, na pengine kuna duara za kijani au zambarau zilizojipanga mstari kutoka kwenye jua.

Zile duara ni mwanga wa jua unaodunda kati ya vioo vya lenzi. Kinga kwa kiganja: simama ule upande jua linakotoka, nyoosha mkono ukitie kivuli kioo bila kuingia kwenye picha. Hutaamini tofauti yake.

Utando wenyewe mara nyingi ni vumbi na mafuta ya vidole. Njia ya kwenda Marafa inainua vumbi jekundu laini kama unga, linaingia kwenye begi lililofungwa. Ukishuka garini, kabla ya lolote, puliza kioo, kisha futa kwa kitambaa laini. Usianze kufuta kabla hujapuliza, maana chembe ya mchanga chini ya kitambaa ni msasa. Simu yako imekuwa mfukoni na mkononi siku nzima, ifute pia.

Kuna chanzo kingine ambacho sisi wa Pwani tunakijua kwa uchungu. Niliwahi kukodi lenzi kwa mtu mjini kwa ajili ya kazi ya maharusi waliotaka picha zao Nyari. Mchana ilifanya kazi safi. Jua liliposhuka na kuanza kuingia kwenye kioo, kila picha ikawa kama imepigwa nyuma ya chandarua. Nilifuta mbele, nikafuta nyuma, hakuna. Usiku nyumbani niliimulika kwa tochi ya simu kutoka upande wa nyuma, nikaona ndani nyuzi nyembamba zimetambaa kama mizizi. Kuvu. Joto na unyevu wa Pwani unailea ndani ya lenzi iliyokaa kabatini gizani. Mchana jua likiwa nyuma yako hutaijua, lakini mwanga ukiingia kutoka mbele kila uzi unautawanya. Maharusi wale niliwarudisha wiki iliyofuata kwa gharama yangu. Tangu siku ile silipokei lenzi la mtu bila kulimulika tochi mbele yake, na zangu nazihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu.

Kivuli chako kimeingia

Jua likiwa mgongoni na limebakisha nyuzi (digrii) kumi kufika upeo wa macho, kivuli cha mtu ni karibu mara sita ya kimo chake. Likibakisha nyuzi tano ni zaidi ya mara kumi na moja; mtu wa kawaida anakuwa na kivuli cha karibu mita 19. Ndiyo maana unapiga picha safi saa kumi na moja na nusu, robo saa baadaye kuna mtu mrefu mweusi amelala katikati ya picha ameinua viwiko.

Chuchumaa, au sogea mpaka kivuli chako kiangukie ndani ya kivuli cha kitu kingine, mti au tuta. Au nenda ubavuni, kama nilivyosema juu. Mimi huchuchumaa.

Picha imetikisika, au ya mbali haina makali

Haya ni magonjwa mawili yenye sura moja. Vuta picha karibu uangalie. Kama kila kitu kimevutika upande mmoja, mbele na nyuma, mkono wako umetikisika. Kama vya karibu ni vikali ila nguzo za ng'ambo zimelainika na kingo zake zinapinda pinda kama zimeiva, hiyo ni hewa.

Mkono kwanza. Mwanga wa jioni unapungua kwa kasi kuliko unavyohisi, maana jicho linazoea. Dakika kumi hivi baada ya jua kuzama, ukitumia tundu la f/8 na ISO 100 (kiasi kidogo cha kamera kuhisi mwanga), shata, yaani pazia la kamera, inaweza kuhitaji kufunguka sehemu ya nane ya sekunde, na dakika kumi nyingine baadaye ikafika sekunde nzima au zaidi. Hakuna mkono wa binadamu unaotulia hivyo. Tripodi basi, na kama huna, jiwe au begi lililojazwa nguo. Weka kamera ihesabu sekunde mbili kabla ya kupiga ili kidole chako kiwe kimeshatoka. Ikiwa juu ya tripodi, lenzi nyingi ni heri uzime ile kinga ya mtikisiko, kwa sababu ikikosa mtikisiko wa kuzuia inaweza kuanza kutikisa yenyewe. Miguu ya tripodi Nyari inazama polepole kwenye mchanga hata picha ya sekunde moja ikaharibika. Ikandamize mpaka ikatae. Na upepo wa kusi ukivuma pale ukingoni, ning'iniza begi katikati ya tripodi lakini ligusane na ardhi, lisigeuke kengele.

Hewa sasa. Korongo limekuwa likichomwa tangu asubuhi, na joto linapanda kutoka chini likitetemesha kila kitu kilicho ng'ambo. Ukitumia zumu ndefu unaukuza pia huo mtetemo. Lenzi ghali haitakusaidia, tripodi haitakusaidia. Subiri. Chini kukishaingia kivuli, ardhi inaanza kupoa na mtetemo unapungua. Au acha zumu, piga kwa upana.

Fokasi ina kosa moja tu linalojirudia: mtu anafokasi kwenye majani yaliyo miguuni pake au kwenye jua lenyewe. Kwa lenzi pana ya milimita 24 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi kikubwa), f/8, ukifokasi kwenye kitu kilicho kama hatua tatu au nne mbele yako, kila kitu kuanzia hapo karibu hadi upeo wa macho kitakuwa kikali vya kutosha.

Korongo limeonekana kama shimo la taka

Samahani kwa neno, lakini ndivyo mteja mmoja alivyoniambia kuhusu picha yake mwenyewe, na alikuwa na haki ya kusikitika. Picha haina kipimo. Nguzo ile inaweza kuwa mita mbili au ishirini, mtazamaji hana njia ya kujua.

Weka kitu ambacho kila mtu anakijua ukubwa wake. Mtu akitembea kwenye njia ya chini, mdogo kama punje, anaifanya Nyari yote ipande. Avae nyeupe au buluu; nyekundu na kahawia zinamezwa na udongo. Leso inafanya kazi vizuri kwa sababu inapepea. Kosa la upande huu ni kutumia lenzi pana mno: inasukuma kila kitu mbali. Jaribu kubana, uchukue nguzo tatu nne na mtu mmoja, uache mengine yote.

Ila usimpandishe mtu juu ya nguzo wala juu ya tuta jembamba. Ule ni mchanga. Niliwahi kushika bega la ukuta kujisaidia kupanda, na kipande cha ukubwa wa mkate kikabaki mkononi, kikapukutika kati ya vidole kabla sijakiweka chini. Kilichochukua mvua nyingi sana kuchongwa kinaweza kuondoka kwa soli ya kiatu kimoja. Ukingo nao kwa chini unaweza kuwa umelika na juu ukaonekana mzima, kwa hiyo usirudi kinyumenyume ukitafuta selfi, na usiwaache watoto wakimbie huko. Vijana wa kijiji wanaotembeza wageni wanajua pa kukanyaga. Nenda nao.

Umefika, jua limeshakwisha

Sisi tuko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Jua letu halitembei kwa mlazo likitua kama kule Ulaya. Linashuka karibu wima. Kila dakika nne linashuka nyuzi moja. Kutoka pale mwanga unapoanza kuwa wa dhahabu, nyuzi sita hivi juu ya upeo, una kama dakika 24. Duara lenyewe, likishagusa upeo, linamezwa kwa dakika mbili. Baada ya hapo una dakika 21 au 22 kabla ya giza la kuhitaji tochi. Anayesoma maelekezo yaliyoandikwa na mtu wa nchi za kaskazini, anayezungumzia saa nzima ya dhahabu, atachelewa.

Saa yenyewe inahama. Mwanzoni mwa Novemba jua linazama Marafa kama saa 12 na dakika 10 jioni. Karibu na tarehe 10 Februari ni kama saa 12 na dakika 40. Tofauti ya nusu saa. Mtu aliyekuja Februari akafurahia, akarudi Novemba kwa saa ile ile, anakuta mkia. Upande nao unahama: Juni jua linatua kaskazini kidogo ya magharibi, Desemba kusini kidogo, na kati ya miezi hiyo miwili kuna nyuzi kama 47. Ukuta uliowaka mbele yako Juni unaweza kuwa nusu kivuli Desemba, na bonde dogo lililokuwa jeusi likawa ndilo lenye picha.

Jambo jingine linaloshtua wageni: kitako cha korongo kinapoteza jua mapema sana, wakati juu bado ni mchana. Kivuli cha ukingo wa magharibi kinaanza kuvuka chini na kupanda ukuta wa pili. Anayetaka picha ya kule chini ikiwa na jua ateremke mapema, kama saa kumi na kitu, akiwa na maji, kisha apande. Mimi kwa kawaida niko ukingoni saa kumi na moja kamili.

Na usiondoke jua likizama. Hili ndilo kosa lililonichukua muda mrefu kuliko yote kuliacha. Jioni moja nilikuwa nimeshakunja tripodi, jua linamalizikia, wageni wote wanaelekea magari. Kijana aliyekuwa akitutembeza alikuwa bado amekaa juu ya jiwe, mikono magotini. Akaniambia, "Kaka, usifunge begi. Bado hapajasema." Nikakaa naye. Mstari wa kivuli ulikuwa umepanda nguzo iliyo mbele yetu. Ulipita tabaka jekundu, ukaingia jeupe, ukalivuka kwa muda mfupi tu, na kule kileleni ikabaki alama ya chungwa ya ukubwa wa kofia. Ikazimika. Kwa dakika chache kila kitu kikawa kijivu, nikajuta kwa nini nimekaa. Kisha mawingu ya juu, yaliyokuwa bado yanaliona jua ambalo sisi hatulioni, yakashika moto kutoka chini. Mwanga wao ukamwagika ndani ya korongo bila kivuli hata kimoja, na tabaka zote zikarudi moja moja, waridi kwanza. Upande wa mashariki, juu kidogo ya upeo, kulikuwa na ukanda wa buluu nzito na juu yake ukanda wa waridi: ile buluu ni kivuli cha dunia yenyewe kikipanda angani. Nilikuwa na picha nne tu kabla ya giza, na moja kati ya hizo ndiyo iliyoko ukutani sebuleni kwetu.

Mwanga wa wakati huo ni mdogo lakini hauna ugomvi. Anga na udongo vimekaribiana, kamera inaweza kuvibeba vyote. Dalili ile ya kwanza kabisa, anga jeupe na korongo jeusi, inajiponya yenyewe kwa mtu aliyesubiri robo saa akiwa na tripodi. Wingu likilifunika jua kabla halijazama, subiri vile vile. Jioni isiyo na mawingu ya juu haitawaka hivyo, lakini ukanda wa mashariki utakuja. Chukua tochi ya kurudia.

Nyumbani ikawa nyeusi, kwa mwenzio ikawa chafu

Pale ukingoni jioni, skrini yako inang'aa kuliko kila kitu kilichokuzunguka, kwa hiyo picha yenye giza inaonekana imetosha. Asubuhi unaifungua mezani, huoni kitu. Shusha mwangaza wa skrini jioni, au bora zaidi, amini histogramu: kama kilima chote kimerundikana kushoto, ongeza mwanga hata kama macho yanakataa.

Na ile inayokuwa nzuri kwako ikafika kwa mwenzio ikiwa na vigae vigae angani, mahali rangi inapobadilika polepole kutoka chungwa kwenda buluu: WhatsApp imeibana. Inapunguza ukubwa wa picha ili isafiri haraka, na anga la machweo ndilo linaloumia kwanza kwa sababu ya hiyo mibadiliko laini. Usiitume kama picha. Gusa alama ya kuambatisha, chagua hati, kisha uitafute picha hapo na uitume kama faili. Itachukua bando zaidi, na itafika nzima.

Wale mnaonitumia maswali, nitumieni kwa njia hiyo hiyo, faili kamili, pamoja na saa mliyopiga na upande mliokuwa mmesimama. Kwa hayo mawili naweza kuwaambia mengi kuliko kwa jina la kamera.